Una pistoni za thau 30 mkononi na injini bado haijafunguliwa, sasa tufanyeje

Kaka mmoja wa Columbus, Ohio ameniandikia, nafupisha: "Shikamoo fundi. Nimenunua pikapu ya Chevrolet C10 ya 1972, V8, muuzaji kasema ni 350. Inakula oili, karibu kwata moja kila maili 400, na moshi wa bluu upo. Ikishapata moto geji ya oili inashuka mpaka 10 gari ikiunguruma bila kukanyaga mafuta. Nimepima kompresheni, silinda sita ziko 140 mpaka 150, namba 3 ina 95 na namba 5 ina 100. Jamaa yangu kaniambia hii ni ya kuboa thau 30 tu, basi nikaagiza seti nzima mtandaoni, pistoni za thau 30, ringi, beringi standadi, fulu gasketi, kamshafti na tapeti zake. Mzigo umefika. Nataka nifanye mwenyewe hapa gereji ya nyumbani, naanzia wapi?"

Marahaba kaka. Hongera kwa C10, gari tamu hilo, na ndiyo, unaweza kuifanya mwenyewe nyumbani, hiyo injini ni moja ya injini rahisi kabisa mtu kujifunzia. Ila hapo kwenye kuagiza umeanzia mkiani. Umenunua viatu kabla ya kupima mguu, tena viatu vya mguu wa mtu mwingine, maana jamaa yako hajaiona silinda yako ndani, kasema thau 30 kwa sababu kila mtu anasema thau 30. Kwa hiyo kwanza kabisa: maboksi yaache yalivyo, usichane nailoni hata moja, risiti iweke mahali unapopajua na angalia una siku ngapi za kurudisha. Halafu tuongee.

Kwa wasomaji wengine, thau moja ni sehemu moja ya elfu ya inchi. Kuboa ni kuchonga silinda iwe pana zaidi ili iingie pistoni kubwa, na standadi ni saizi ya kiwandani. Krenki ni mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, kamshafti au kamu ni mhimili unaofungua valvu, na tapeti ndizo zinazokaa juu ya kamu na kupokea msukumo wake. Injini za Kimarekani zinapimwa kwa inchi, usihangaike kubadili kuwa milimita, utajichanganya bure.

Kwanza una uhakika ni 350, yaani ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo? Muuzaji kusema siyo ushahidi. C10 ya mwaka huo ilitoka na injini kadhaa, kulikuwa na 307 pia, na kwa nje huwezi kuzitofautisha hata ukikesha. Halafu gari lina zaidi ya miaka 50, injini yenyewe inaweza kuwa imeshabadilishwa mara mbili, mtu kachomoa ya kwanza ikafa, katia 305 aliyoiokota kwenye gari la miaka ya themanini, kapaka rangi ya chungwa ya Chevrolet na maisha yakaendelea. 350 silinda yake ni inchi 4.000 kamili, 307 ni 3.875, 305 ni 3.736, sasa pistoni zako za 4.030 kwenye 305 utaziweka wapi? Chukua tochi na brashi ya waya, nenda nyuma ya bloku, ule mwili mkuu wa injini, upande wa dereva, pale juu inapokutana na gia boksi, kuna namba kubwa zimechomoza kwenye chuma. 3970010 ndiyo utakayoiona sana kwenye 350 za miaka hiyo. Halafu mbele upande wa abiria, chini kidogo ya hedi (kile kichwa kinachofunika silinda na kubeba valvu), kuna kijisehemu bapa chenye herufi na namba zilizogongwa, piga picha zote. Kazi ya dakika kumi na hujafungua hata nati moja.

Pili, mimi bado sijakubali kwamba injini yako inahitaji kufunguliwa yote. Tuanze na hiyo 10 ya oili iliyokutisha. Mafundi wa V8 hizi wana kanuni yao ya mdomoni, psi 10 kwa kila mizunguko 1000, sasa wewe injini ikiunguruma kwenye 600 au 700 ikiwa moto na inakupa 10, hiyo siyo nzuri sana lakini siyo ya kuitia matanga. Na hiyo ni geji ya dashibodi ya gari la 1972! Funga geji ya mkono, ya mrija, pima tena. Ukikanyaga mpaka 2500 ikapanda 40 na kuendelea, sehemu ya chini ya injini bado ina uhai.

Kinachonivutia zaidi ni hizo silinda mbili. Namba 3 na namba 5, kwenye Chevy hizi zenye namba shufwa ziko upande wa abiria na witiri upande wa dereva, kwa hiyo 3 na 5 ziko upande mmoja na zimepakana, ni majirani wa katikati. Majirani wawili wakiugua siku moja ujue wanaambukizana. Inaweza kuwa gasketi ya hedi imekatika pale katikati yao, upepo wa huku unakimbilia kule. Au inaweza kuwa valvu za ekzosi, zile za kutolea moshi, kwa sababu kwenye hedi hizi valvu ya ekzosi ya 3 na ya 5 zimekaa ubavu kwa ubavu, pale ndo jiko kwenyewe, joto lote linakusanyika, na siti za valvu hapo huliwa mapema kuliko kwingine. Yote mawili hayo ni maradhi ya juu, hayahusiani na pistoni kabisa!

Namna ya kujua: tia kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi ya namba 3, zungusha injini kidogo isambae, pima kompresheni tena. Ikiruka ikafika 130, 140, basi ni ringi zimechoka, oili imeziba ile nafasi. Ikibaki palepale kwenye 95 basi ni valvu au gasketi. Fanya na 5 hivyohivyo. Na huo moshi wa bluu hujaniambia unatoka saa ngapi, hii ni muhimu jamani. Ukitoka fuu la moja asubuhi unapowasha halafu ukapotea, au ukitoka pale umeshuka mlima umeachia mafuta halafu ukakanyaga, hizo ni sili za valvu zimekauka zimekuwa kama kokoto, na sili za valvu unabadilisha hedi ikiwa palepale juu ya injini, unajaza upepo wa kompresa kwenye silinda kupitia tundu la plagi ili valvu isidondoke, unafungua springi, unavalisha sili mpya. Kazi ya Jumamosi moja na hela ya kula mchana. Moshi ukiwa unatoka muda wote hasa unapovuta mzigo, hapo sawa, ringi.

Nimeshaona watu wanang'oa injini nzima kwa sababu ya sili za dola 20. Sikutishi, nakwambia tu.

Haya, tuseme umetia oili na kompresheni imepanda, ringi zimekwisha, tunafungua. Sitakuelekeza nati kwa nati, kitabu cha ufundi cha gari hilo kinapatikana kila mahali, nitakaa pale watu wanapoharibu.

Kuing'oa: betri, maji, oili, redieta nje ili usiitoboe, ng'oa kwa winchi ya kukodi, injini iliyovalishwa kila kitu inakaribia kilo 260, kwa hiyo usije ukajaribu ile ya vijana wanne na mti kama tulivyokuwa tunafanya sisi. Piga picha kila waya na kila mrija kabla ya kuchomoa. Bolti zitie kwenye vifuko, andika juu yake zimetoka wapi, leo unaona utakumbuka, baada ya wiki sita hukumbuki chochote. Puli nzito ya mbele, ile balansa, ina matundu matatu ya bolti, inavutwa kwa pula ya bolti. Ukiitia pula ya kucha ukavuta kwenye ukingo wa nje unachana mpira ulio katikati, pete ya nje inateleza, na alama ya taimingi inakuwa inakudanganya kuanzia siku hiyo.

Vifuniko vya konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki) na vya meni (vinavyoshika krenki kwenye bloku) havibadilishani ndugu yangu. Kila kifuniko kilichongwa pamoja na rodi yake, kama hazina namba gonga namba mwenyewe kabla hujalegeza. Unapotoa pistoni, pitisha kucha juu kabisa ya silinda, ukikuta kijukwaa kinakukwaruza kitolewe kwanza kwa rima yake, la sivyo pistoni inajing'ang'ania na ringi zinavunjika. Wala usizitupe beringi za zamani, zilaze mezani kwa mpangilio wake, zisome. Zikiwa na rangi ya kijivu imekwaruzika kidogo ni uzee wa kawaida, ukiona shaba inachungulia ujue ilikuwa inakaribia kugonga, na mikwaruzo mirefu kama imechorwa kwa msumari ni uchafu, kuna mtu aliifungua huko nyuma na hakuiosha.

Na hapa ndo tunarudi kwenye seti yako. Geuza beringi utazame mgongoni, na utazame pistoni kichwani ukishafuta masizi. Ukoo huu wa injini Chevrolet waliutoa 1955 ikiwa 265, 350 ikaja 1967 na Camaro, na 2011 GM wakatangaza wamefikisha ya milioni 100 ya ukoo huo. Spea zimejaa, bei ndogo, kwa hiyo watu wamezifungua na kuzifunga toka enzi hizo mpaka leo. Uwezekano wa kwamba wewe ndiye wa kwanza kuifungua ni mdogo. Unaweza kukuta pistoni zimeandikwa .030 tayari. Yaani thau 30 yako imeshaliwa na mtu miaka ya tisini, na sasa unahitaji 40, na zako zimekuwa za kurembesha kabati. Unaweza kukuta mgongoni mwa beringi pameandikwa .010, maana yake krenki ilishachongwa thau 10, na hizo standadi ulizonunua zitakaa kama kofia ya baba kwa mtoto. Krenki ya kiwandani jonali (zile shingo zinazozunguka ndani ya beringi) za meni ni karibu inchi 2.45 na za rodi 2.10, lakini yako haijulikani mpaka mikromita iseme.

Kwa wale mliozoea malori ya dizeli nyumbani, hapa hakuna slivu za kuchomoa na kutia mpya. Pistoni inatembea kwenye chuma cha bloku chenyewe. Ukichonga umechonga, hakirudi. Thau 30 ni kawaida, 40 sawa, 60 ndiyo kikomo ambacho wengi hawapendi kukifika maana ukuta unakuwa mwembamba na injini inaanza kuchemka, kwa hiyo chuma kile ni akiba, usikitumie bila sababu. Kama silinda ni standadi na kuchakaa kwake ni kidogo unaweza kupiga hone tu, yaani kuisugua kwa jiwe lake, na ringi mpya ukatembea miaka. Mimi silinda ikiwa imepanuka juu kuliko chini kwa zaidi ya thau 5 ndo sina mjadala, inaboliwa.

Kwa hiyo bloku tupu, krenki, rodi na hedi, vyote vinapelekwa kwa mchongaji, na unamwambia kwanza pima, niambie, halafu ndo tuamue. Akisema thau 30 inatosha, mpelekee hizo pistoni zako mkononi, kwa sababu mchongaji mzuri habolii namba ya kwenye boksi, anapima pistoni yenyewe kisha anachonga silinda kuifuata, na nafasi inayotakiwa inategemea pistoni ni ya aina gani, za kufuliwa zinataka nafasi kubwa kuliko za kumiminwa, karatasi ya ndani ya boksi inasema. Usitupe hiyo karatasi.

Na tukiwa kwenye pistoni, angalia kitu kingine ambacho wauza seti hawakisemi. Soma urefu kutoka katikati ya pini mpaka kichwani. Ya asili ni 1.560, nyingi za seti za bei poa ni 1.540, zimefupishwa thau 20 makusudi ili wale waliosawazisha bloku juu zisigonge. Piga hesabu: bloku kutoka katikati ya krenki mpaka juu ni 9.025. Rodi 5.700, nusu ya stroku 1.740, pistoni 1.560, jumla 9.000, kwa hiyo ya asili yenyewe inaishia thau 25 chini ya ukingo. Ukitia ile fupi inaishia 45 chini. Na injini yako ni ya 1972, GM walishashusha kompresheni kuanzia modeli za 1971 ili zikubali petroli isiyo na madini ya risasi, ni karibu 8.5 kwa 1. Ukiishusha tena utakuwa na injini mpya isiyovuta kitu, halafu utalaumu kabureta. Kama zako ni 1.540 mimi ningezirudisha hata kama saizi ni sawa.

Hedi. Hapa tumia akili ya biashara. Kutengeneza hedi mbili za zamani vizuri, gaidi za valvu mpya (mirija inayoongoza valvu), valvu, siti ngumu pale zilipoliwa, kusawazisha, ukijumlisha unaweza ukafika bei ya jozi mpya. Waambie wazitazame nyufa kabla hujalipia chochote kingine, hasa ukikuta namba 882 mwishoni mwa namba ya hedi, hizo zina sifa mbaya ya kupasuka. Kuna wanaotafuta hedi za Vortec za malori ya 1996 mpaka 2000, ni nzuri kweli na zina chemba ndogo ya sisi 64, kompresheni inapanda yenyewe, ila zinataka manifoldi yake ya intake (ya kuingizia hewa), ya kwako haiingii, kwa hiyo usiseme nimepata hedi za bure.

Beringi za kamshafti waachie wao wazitie, zina chombo chake na tundu la oili lazima likae panapostahili, siyo kazi ya nyundo na soketi.

Sasa bloku imerudi inang'aa, na hapa naomba unisikilize kuliko mahali pengine popote. Ioshe. Najua wameiosha. Ioshe tena. Mimi injini yangu ya kwanza kabisa nikiwa kijana Dar niliifuta kwa petroli na matambara, ikaonekana safi kama sahani, nikaifunga kwa mbwembwe, miezi mitatu ringi chali na beringi zimechorwa kama ramani. Petroli haitoi unga wa jiwe la hone, inausukumia ndani zaidi ya ile michoro. Kinachoutoa ni maji ya moto na sabuni ya vyombo na brashi na mikono yako. Toa plagi zote za njia za oili, pitisha brashi ndefu kila tundu mbele mpaka nyuma, krenki pia matundu yake yote. Silinda sugua mpaka ukipangusa kwa kitambaa cheupe chenye oili kinatoka cheupe, siyo kijivu kidogo, cheupe. Kisha kausha kwa upepo haraka na paka oili palepale, chuma kibichi kinashika kutu wakati wewe umeenda kufungua friji. Kisha funika kwa nailoni, na mtoto asifagie gereji siku hiyo.

Kabla ya kufunga meni, chungulia chini ya kifuniko cha meni cha nyuma kabisa, kuna plagi ndogo ndani ya tundu la oili. Ikiwa haipo, na huwa inasahaulika sana baada ya kuosha, oili inakatiza njia bila kupita kwenye filta na presha utaiona iko sawa tu, hutajua.

Kufunga kwenyewe ni raha. Laza beringi kavu mgongoni, oili mbele, tumia uzi wa plastigeji kupima nafasi hata kama mchongaji kakuhakikishia, unataka thau 2 mpaka 2 na nusu hivi. Meni torki 70 futi-paundi, zile bolti za nje kama bloku yako ni ya bolti nne 65, rodi 45, hizo ni za bolti za kiwandani, ukinunua bolti za kampuni nyingine fuata namba zao. Kila ukifunga kifuniko kimoja zungusha krenki kwa mkono. Ikigoma ghafla ujue ni hicho ulichofunga sasa hivi, ukifunga vyote ndo uzungushe utatafuta mchawi. Beringi ya kuzuia krenki isiende mbele na nyuma ni ile ya tano, ya mwisho, gonga krenki kwa nyundo ya plastiki mbele na nyuma kabla ya kuikaza ili pande zake zikae sawa.

Ringi usizitie kama zilivyotoka boksini. Tia moja kwenye silinda, isawazishe kwa kichwa cha pistoni, pima mwanya kwa fila geji, kanuni ni thau 4 kwa kila inchi ya silinda, kwa hiyo ya juu 16, ya pili mimi huacha 18. Ikiwa ndogo piga tupa kidogokidogo. Ikibana ikipata moto ncha zinagusana na inavunja pistoni. Kwenye bolti za rodi visha mipira ya mafuta wakati unasukuma pistoni chini, zisikwaruze krenki. Vile vimeno vya beringi za rodi vinatazama nje, upande wa reli za sampu (beseni la oili la chini), na alama ya pistoni inatazama mbele.

Sili ya nyuma ya krenki kwa mwaka wako ni ya vipande viwili, kipande kimoja kilikuja 1986, hakikisha fulu gasketi yako ni ya zamani. Bolti za hedi: kwenye injini hizi zinaingia mpaka kwenye njia ya maji, nyuzi zake zipake silanti zote, la sivyo unafunga vizuri kila kitu halafu maji yanapanda juu kwenye roka (vile vikono vinavyosukuma valvu) na unaanza kulia gasketi imeungua kumbe ni nyuzi tu. Torki 65, kwa hatua tatu, ukianzia katikati. Na zile gasketi za mpira za mbele na nyuma ya manifoldi ya intake, tupa, weka mstari mnene wa silikoni, zile mpira hutoka kama ulimi wa mbwa.

Cheni ya taimingi: unalinganisha doti kwa doti, ya kamu chini na ya krenki juu, na hapo kila mtu anadhani namba 1 ndo inafyatua. Siyo. Doti kwa doti ni namba 6 inayofyatua, namba 1 iko kwenye mzunguko mwingine. Ukitumbukiza distribyuta (kigawa moto wa plagi) hapo rota ikitazama waya wa 1, gari litapiga makombora kwenye kabureta mpaka majirani waite polisi. Zungusha krenki duara moja kamili ndo utumbukize. Mpangilio wa kufyatua ni 1-8-4-3-6-5-7-2, distribyuta inazunguka kama saa.

Bado kamshafti, na hiyo kwenye boksi lako ndo inayoniogopesha kuliko pistoni. Ni ya tapeti bapa, na tapeti bapa na kamu yake ni kama ndoa, mpya na mpya, usichanganye na za zamani. Wakati wa kufunga zipake grisi yake nzito iliyokuja nayo. Oili za kisasa za dukani wamepunguza zinki na fosforasi ili kulinda katalaiza, na tapeti hizi zinaishi kwa zinki, kwa hiyo nunua oili ya kuzindulia injini yenye zinki ya kutosha, usiongeze mchanganyiko wa kubahatisha. Kabla ya kuwasha, jaza presha: toa distribyuta, tia fimbo ya kuzungushia pampu ya oili kwa drili. Lakini usitumie bisibisi ndefu tupu, kwenye Chevy hizi mwili wa distribyuta ndo unaoziba njia ya oili ya tapeti za upande wa abiria, bila huo mwili oili inamwagika palepale na roka za upande mmoja zinabaki kavu. Chukua distribyuta mbovu ya zamani uitoe gia, au nunua chombo chenye mwili. Zungusha huku mwenzako anageuza krenki taratibu mpaka uone oili inachuruzika kwenye roka zote kumi na sita.

Roka unaziseti hivi: valvu ya ekzosi ikianza kufunguka seti ya intake, intake ikikaribia kufunga seti ya ekzosi, kaza mpaka uchezaji wa pushi rodi uishe, halafu ongeza nusu duara, basi.

Siku ya kuwasha, maji yawepo, taimingi iwe karibu, kabureta iwe na petroli, maana hutaki kustata kustata kustata, kila unapostata unafuta grisi kwenye kamu. Ikishika tu peleka 2000 mpaka 2500, usiiache iungurume chini hata dakika moja, ipandishe ishuke katikati ya hapo kwa dakika 20. Sababu ni kwamba kamu inalowa kwa oili inayorushwa na krenki, ikizunguka polepole hairushi, na tapeti lazima zianze kujizungusha zenyewe ndo zisilane. Kukiwa na mvujo wa maji mdogo weka beseni. Presha ya oili ikipotea, hapo ndo uzime. Baada ya hapo mwaga oili, badilisha filta, ikate filta kwa mkasi wa bati utazame ndani kama kuna unga wa chuma. Kisha tembea nayo barabarani, vuta kwa nguvu kidogo, achia ishuke yenyewe, mara kumi hivi, ringi zikae. Maili 500 badilisha tena.

Hela: kwa ninavyoona hapa Texas, kazi ya mchongaji peke yake, bila hedi mpya, andaa dola 1,200 mpaka 2,000, na miji inatofautiana, piga simu tatu, na uulize na foleni maana wengine watakaa na bloku yako miezi. Ukijumlisha na spea utaona umekaribia bei ya injini mpya ya boksini. Watu watakwambia hapo nunua mpya. Kama unataka gari litembee Jumatatu, wana haki. Kama unataka kuijua injini, na umeniambia unataka kufanya mwenyewe, fungua.

Wiki hii basi: namba za bloku, geji ya mkono, kijiko cha oili kwenye 3 na 5, na utafute urefu wa pistoni bila kuchana nailoni wala kuzipaka mafuta ya mikono maana duka halipokei zilizoguswa. Niandikie kompresheni zimetoka ngapi na moshi unatoka saa ngapi. Ikiwa zimebaki 95 na 100 vilevile, rudisha seti yote ubaki na gasketi za hedi na sili za valvu, tutaongelea hedi peke yake.